Bwana Yuniti na Kadi Zisizopigiwa Simu

Mtaani walimwita Bwana Yuniti, naye alilipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo. Hakuna aliyemwambia kwamba lilianza kama kejeli. Alikuwa mtunza ghala wa shirika la simu, mrefu, shingo nyembamba, suruali imepigwa pasi hadi ingeweza kusimama bila yeye, na alikuwa na tabia ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo ambalo kila mtu alikwisha kulijua. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Huyo watu walimwita Fundi basi, na nguo ikiharibiwa na mafundi wengine ililetwa kwake ili irudi kuwa nguo.

Fundi alimdharau mumewe. Hakumdharau kwa makelele wala kwa kumsema visimani. Alimdharau kama ashonavyo pindo la suruali, hatua ndogondogo, uzi usionekane kwa nje. Wageni waliona mke anayemtengea mumewe maji ya kuoga na kumwita Baba watoto, wakaenda zao wakiisifu nyumba. Pindo lilikuwa zuri.

Habari yenyewe ilianzia ghalani. Kabla ya kadi, vibanda vya simu vilikula sarafu. Vilikula, kisha vingine vikanyamaza, na mpigaji akabaki anakipiga kibanda makofi kama anayemwamsha mlevi. Wezi nao wakawa wanavunja visanduku. Shirika likachoka, likaleta kadi za plastiki, kwanza zile zenye mstari mweusi mgongoni, baadaye zenye kitufe cha rangi ya dhahabu. Uliinunua imejaa yuniti, ukaitumbukiza kwenye tundu, ukapiga, na kwenye kioo kidogo cha kibanda ukaziona yuniti zako zinapungua huku ukizungumza. Watu walizipenda. Vijana walizitumia kuwapigia wachumba, wafanyabiashara wakawapigia wadeni wao, wazee wakawapigia watoto wasiowakumbuka.

Bwana Yuniti yeye aliona picha. Toleo la kwanza lilikuwa na ndege, la pili majengo, la tatu samaki, na kila katoni iliyopokelewa ghalani alisimama mbele yake kama bwana harusi. Akaanza kununua. Kwa kila kadi alinunua tatu: moja ikae kwenye albamu uso juu, moja ikae mgongo juu, na ya tatu iwe ya akiba. Akiba ya nini, hakusema. Zote alizitunza mbichi. Kadi mbichi, kwa lugha yake, ni ile ambayo haijaingizwa kibandani hata mara moja, yuniti zake zote zimo kama siku iliyotoka kiwandani. Kadi iliyotumika aliiita mzoga.

"Ukimpigia mtu simu, umemaliza kadi," alipenda kusema, koo limesafishwa. "Na uliyempigia kesho hakumbuki mlisema nini. Kadi ndiyo inayobaki."

Fundi alipomsikia alimwona mtu anayejisifia kuwa hana wa kuzungumza naye.

Kulikuwa na ibada pia. Kila kadi mpya, kabla haijaingia kwenye albamu, ilifutwa kwa pamba na spiriti. "Vidole vina mafuta," alisema, "na mafuta yanakula picha." Fundi ndiye aliyemshonea glavu za kufanyia kazi hiyo, kwa mabaki ya kitambaa cha bitana, na alimshonea vizuri, maana hakujua kushona vibaya hata kwa mtu aliyestahili. Jioni, Bwana Yuniti alitandika taulo mezani, akavaa glavu, akafungua chupa, na nyumba nzima ikanuka kama kuna mtu anadungwa sindano. Watoto wao walikulia ndani ya harufu hiyo. Walipokuwa wakubwa wakahamia mbali, na walipompigia mama yao simu hawakusahau kuuliza, "Bado anaziogesha?"

Jumapili alasiri alikuwa na wenzake, katika chumba cha nyuma cha duka la kutolea fotokopi. Wenyewe walijiita Umoja wa Wakusanyaji. Fundi aliwaita wanaume watatu na feni mbovu. Wa pili alikuwa Daktari wa Meno, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye alikusanya mizoga tu na kila mzoga aliuliza ulipigia wapi. Wa tatu alikuwa Mkwanguo, karani wa stoo ya saruji, aliyekusanya zile kadi za karatasi za simu za mkononi, zilizokuja baadaye, ambazo unakwangua unapata namba. Siku moja feni ilipokufa kabisa walihamia sebuleni kwa Bwana Yuniti, na Fundi akawasikia vizuri kutoka chumba chake cha kushonea.

"Kadi ya kukwangua si kadi," Bwana Yuniti alikuwa akimwambia Mkwanguo. "Ni karatasi yenye siri. Siri ikishatoka, umebaki na karatasi."

"Na zako je? Siri haijatoka mpaka leo, na yenyewe haisemi."

"Zangu ni za plastiki."

"Za plastiki kweli," Daktari wa Meno akaingilia. "Kama meno ya bandia ya dukani. Meupe, hayana tundu, na hayajawahi kutafuna kitu." Kisha akainua sauti kuelekea chumba cha pili. "Shemeji, habari za kazi?"

"Nzuri, shemeji. Meno yanasemaje?"

"Yanaoza, shemeji. Nasi tunakula."

Bwana Yuniti hakucheka. Utani uliopita karibu na kadi zake aliuona kama mtoto mwenye mikono michafu.

Sasa, jambo ambalo Fundi hakumsamehe lilikuwa la zamani kidogo. Wakati huo Umoja wa Jumapili ulikuwa haujaanza, na simu za mkononi zilikuwa za matajiri na za wapenda kuonekana. Mama yake Fundi alikuwa amelazwa hospitali ya mji mwingine, anangoja kupasuliwa kesho yake, na wodini kulikuwa na simu ambayo mgonjwa angeweza kuitwa kuja kuisikiliza saa za alasiri. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa. Fundi alimkuta mumewe mezani na taulo lake.

"Baba watoto, naomba kadi moja nimpigie mama. Kesho anapasuliwa."

Bwana Yuniti alisafisha koo. "Kadi zimo. Lakini hizi si za kupigia simu."

"Zipo zile za akiba."

"Za akiba ndizo kabisa. Ukitoa ya akiba, akiba itakuwa nini tena?"

"Kesho nitakununulia nyingine."

"Toleo hili halipatikani. Sasa hivi wanauza maua."

Hakukasirika, wala hakuwa anatania. Alieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto kwa nini mwezi hauwezi kushushwa ukaletwa ndani. Fundi alimtazama, akaziona glavu alizomshonea, akatoka. Kizingitini akakutana na mteja wake, mama mmoja muuza mitumba, aliyekuja kuchukua sketi. Yule hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alitoa kadi kwenye kanga aliyojifunga. "Chukua, Fundi. Yuniti zimebaki chache humo, lakini zitakufikisha. Sketi nitaifuata siku nyingine."

Zilimfikisha. Mama yake alikuja kwenye simu akihema, na kama kawaida yake hakutaka kuzungumzia ugonjwa.

"Lile gauni langu la kijani," alisema, "lile la shingo ya mraba. Nimekonda, mwanangu, litanipwaya. Nikitoka huku unipunguzie. Lakini sikiliza, usije ukalipunguza kiunoni, litaharibika mkato. Lipunguze pale..."

Kibanda kikalia tiki, kioo kikaonyesha sifuri, na sauti ikakatika. Mama hakutoka hospitali. Gauni la kijani likaja na mizigo yake, Fundi akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, na likakaa hapo. Yeye aliyewapunguzia nguo wanawake wa mtaa mzima kwa kuwatazama tu, hakuthubutu kulipunguza popote.

Siku ile aliporudi kutoka kibandani, mumewe aliinua macho mara moja. "Umerudi," akasema. "Hebu sukuma mlango, upepo unaingiza vumbi."

Kadi ile Fundi hakuitupa. Mafundi wengi wakati huo walitumia kadi zilizokufa kukunjia lesi na lastiki, kwa kuwa ni ngumu, ndogo, na hazichaniki kama karatasi. Wateja walimletea zao, naye akazikata vijino pembeni vya kushikia ncha ya uzi, akazipanga kwenye kopo la biskuti. Ile moja hakuikata vijino. Aliizungushia lesi nyembamba nyeupe ambayo haikutumika mara kwa mara, akaiweka chini kabisa. Bwana Yuniti alilijua kopo hilo na hakupata kulifungua. Aliliita makaburini. Wageni walipoomba kuona kadi, alionyesha kwa kidole na kusema, "Humo mna mizoga ya mke wangu," halafu akafungua albamu.

Miaka ikapita, vibanda vikaanza kuota kutu, na siku moja mezani Bwana Yuniti alikuwa akimweleza mgeni, binamu yake mmoja aliyekuja kuomba kazi, kuhusu kadi iitwayo Kinyume.

"Ni ya toleo la majengo," alisema. "Jumba lenyewe la simu, na mnara wake wa saa. Kule kiwandani picha ikageuzwa, kushoto ikawa kulia. Ukiitazama saa, tatu imekaa mahali pa tisa. Na zilichapwa mbiombio, siku ya kufungua jumba imefika, hata vanishi hazikupakwa. Kadi nyingine zote zina vanishi juu, ndiyo maana zinang'aa. Hii haina. Wino wake uko wazi, kitu chochote kikali kikiigusa unaondoka. Zilitoka uwanja wa ndege zikaenda madukani moja kwa moja, hazikupitia ghalani kwangu." Hapo sauti yake ilishuka, maana hilo ndilo lililomuuma. "Shirika lilipogundua likazirudisha, likazichoma. Mimi nina zote. Sina hiyo tu."

"Basi ndugu yangu umekosa moja, si neno," alisema binamu, ambaye wali wake ulikuwa unapoa.

"Aliyekosa moja hana seti."

Fundi alikuwa akipakua mchuzi. Alimaliza kupakua, akaenda chumba cha kushonea, akachimba kopo hadi chini, akaikunjua lesi kidogo. Mnara ulikuwepo. Tatu ilikuwa mahali pa tisa. Siku ile kibandani hakuwa na macho ya kutazama saa ya mtu. Akairudishia lesi, akarudi mezani kuuliza nani anaongezwa wali.

Hakusema kitu. Kama angeulizwa sababu angesema hakuulizwa.

Ndipo shirika likatangaza kwamba linaving'oa vibanda vya mwisho. Kwa ajili ya kumbukumbu, katika ukumbi wa mapokezi litawekwa kabati la kioo lenye kadi zote zilizowahi kutolewa, na chini yake bamba la shaba lenye jina la aliyeziazimisha. Bwana Yuniti alikuwa amestaafu. Kwa muda wote aliofanya kazi pale jina lake halikuandikwa popote ila kwenye vitabu vya zamu. Sasa aliliona tayari limechongwa. Alipita mbele ya jumba la simu kila mara bila shughuli, na nyumbani alijifunza kusimama mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama watu wanavyosimama kando ya vitu vyao.

Afisa Uhusiano wa shirika, mwanamke mwenye miwani mikubwa na haraka ya kudumu, alikuja kwenye mkutano wa feni mbovu. Alisikiliza historia yote, akatazama saa mara kadhaa, kisha akasema maneno yaliyoeleweka.

"Wewe mzee una zote isipokuwa moja, na daktari ana zote isipokuwa hiyohiyo. Hizo za kukwangua hatuzihitaji, samahani. Sasa atakayekuja na hiyo moja, yeye ndiye ataandikwa kwenye bamba. Nitawapitia majumbani."

Mkwanguo akasema haidhuru, yeye hata shaba hapendi.

Haikupita muda Daktari wa Meno alikwenda kwa Fundi kupimwa koti jeupe jipya, kwa kuwa la zamani lilikuwa limekataa tumbo. Fundi alikuwa amelimaliza gauni la mtoto na analitafutia lesi ya kola. Zile za juu ya kopo zote zilikuwa pana. Akaitoa ile nyembamba, akaivuta, na pembe ya kadi ikachungulia. Daktari aliinama kama anayetazama gego la mwisho.

"Shemeji, hiyo saa."

"Ina nini?"

"Inasoma kinyume."

"Kwangu haisomi. Inashika lesi."

"Niuzie."

"Lesi?"

"Shemeji, usinitanie mtu mzima."

"Simama wima basi, bega moja limepanda."

Alisimama wima. Kisha akauliza swali analouliza mtu wa mizoga, bila kufikiri, kama anavyowauliza wagonjwa wake jino limeanza lini. "Imekufa kabisa? Ilipigiwa wapi?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Hospitali," akasema. "Kwa mama. Ikafa katikati ya neno."

"Pole," alisema Daktari, na hakuomba tena kuuziwa.

Hilo lilikuwa jambo jema, na Fundi alimhesabia. Lakini mtu mwema naye ana mdomo, na Jumapili mdomo wa Daktari ukafunguka kwenye chumba cha feni. Bwana Yuniti alipoanza kulalamika kwamba ameandika barua kila pembe kuitafuta Kinyume, Daktari alicheka hadi akashika meza. "Bwana, wewe unaitafuta duniani, nayo iko chumba cha pili nyumbani kwako, inafuga lesi."

Bwana Yuniti alirudi mapema, kofia mkononi.

"Mke wangu," alisema.

Fundi akajua kuna jambo. Maneno hayo mumewe aliyatunza mbichi kama kadi.

"Liko wapi lile kopo?"

"Liko lilipo siku zote. Makaburini."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomsomea binamu yako habari za vanishi, wali wake ukapoa."

"Na ukanyamaza."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize vipi nami sijui kwamba iko?" Alikaa, akasimama tena. "Haya, yamepita. Nipe."

Fundi alisimamisha cherehani. Ukweli ni kwamba alikwisha kuamua kumpa. Alikuwa amefikiri tangu siku ya Daktari, akaona kuliko neno la mwisho la mama yake kukaa ndani ya kopo la biskuti, afadhali likae nyuma ya kioo watu wakipita. Bamba na liandikwe jina la huyu, shaba haimwumi. Alitaka kitu kimoja, na kitu hicho Daktari wa Meno alikitoa bure akiwa ameshikwa futi kiunoni.

"Niulize kwanza," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Ilipigiwa nani."

Bwana Yuniti alifikiri kwa dhati. Alikunja paji la uso, akakunjua. Alikuwa akitafuta faida ya swali.

"Hilo lina uhusiano gani na kabati la kioo?"

"Halina," alisema Fundi, akaukata uzi kwa meno. "Chakula kiko mezani. Siku atakayokuja yule mama wa shirika, tutaona. Mpaka siku hiyo unayo nafasi ya kuuliza."

Hakuuliza. Alizunguka chumba cha kushonea kama paka anayezunguka jiko. Alilisifu gauni la mteja, akauliza bei ya uzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoe. Alikaribia kila kitu isipokuwa swali.

Asubuhi ya siku ya Afisa, Fundi alipeleka sare za wanafunzi shuleni, bunda kichwani. Aliporudi, gari la shirika lilikuwa linasimama mlangoni, na yule mwanamke wa miwani anateremka. Wakaingia pamoja.

Walichokikuta mezani Fundi alikisoma kama asomavyo nguo iliyoharibiwa; ukifuata mishono unajua mkono ulipita wapi. Kopo lilikuwa wazi, kifuniko kimetupwa chini. Lesi ilikuwa sakafuni, imevutwa kwa pupa, imejifunga fundo juu ya fundo. Taulo limetandikwa. Chupa ya spiriti haikuwa na kizibo. Bwana Yuniti alikuwa amekaa mbele ya vitu hivyo na glavu zake, mgongo umenyooka, haangalii popote, na mkononi ameshika pamba. Pamba ile ilikuwa na buluu ya mbingu, na kijivu cha jumba, na doa jeusi dogo. Kadi ilikuwa juu ya taulo. Ilikuwa nyeupe.

Kadi mpya imefika, imeshikwa na vidole vya watu, ina vumbi la chaki; mkono ukafanya ulivyozoea kufanya. Hakuna mwingine katika mtaa mzima ambaye angeweza kuiharibu namna hiyo. Mwizi angeiba. Mtoto angeichezea. Ilihitaji mtaalamu.

"Ndiyo hii?" aliuliza Afisa.

Bwana Yuniti alisafisha koo, na kwa mara ya kwanza hakuna kilichofuata. Alisafisha tena. "Ilikuwa hii," akasema.

Afisa aliiokota, akaigeuza. Nyuma kulikuwa hakujafikiwa bado, na maelezo ya mtumiaji yalisomeka vizuri: ingiza kadi kwa kufuata mshale, usiikunje, usiilowanishe. Akaigeuza tena upande mweupe.

"Naomba radhi, mimi si mtu wa mambo haya. Hii inaonyesha nini?"

"Inaonyesha usafi," alisema Fundi.

Afisa alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akairudisha kadi juu ya taulo kama mtu anayerudisha kikombe kwenye nyumba yenye ugomvi. Bwana Yuniti akaanza kufungua albamu, ya ndege, ya samaki, ya maua, uso juu na mgongo juu. Afisa alisema ni nzuri. Alisema tutawasiliana. Gari likaondoka.

Hawakuwasiliana. Daktari naye hakupata bamba. Kabati la kioo liliwekwa ukumbini kama ilivyotangazwa, na mpaka leo ndani yake mna maua ya plastiki na picha ya mkurugenzi akikata utepe.

Lakini mchana ule hayo yalikuwa hayajajulikana. Walibaki wawili, na spiriti ikinuka.

"Nilidhani ni kama zile nyingine," alisema Bwana Yuniti.

"Si wewe uliyesema haikupakwa vanishi?"

"Nilisema."

"Umelisema mara nyingi."

"Mara nyingi."

"Basi ulikuwa unawaambia wengine."

Fundi aliokota lesi sakafuni, akakaa kitini, akaanza kufungua mafundo. Kucha zake ziliyajua mafundo. Aliichukua kadi kutoka kwenye taulo, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake. Njia nzima alikuwa amebeba moyoni neno la kusema kama ataikuta imechukuliwa, na sasa alijichunguza kuona amepoteza nini. Alisikiliza. Mama yake alikuwa bado anahema, bado anasema lipunguze pale, na ilikatika mahali palepale. Picha ya mnara haikuwahi kuwa yake.

"Unaifanyia nini?" aliuliza mumewe. "Haina kitu tena."

"Chako ndicho kilichotoka. Changu kipo." Alipata ncha ya lesi, akainyoosha. "Shika huku, nami nikunje."

Bwana Yuniti alinyoosha mkono wenye glavu.

"Zivue hizo. Zina rangi."

Akazivua. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na laini, vimejikunja ngozi kwa sababu ya miaka ya spiriti, kama vidole vya mtu aliyekaa majini akisubiri kuokolewa. Akaishika lesi kwa vidole viwili. Fundi akaanza kukunja, kadi ikigeuka mkononi mwake, upande mweupe, upande wa maelezo, upande mweupe, hadi weupe wa kadi na weupe wa lesi haukupambanuka. Nyuma ya mlango gauni la kijani lilikuwa limetulia kwenye msumari wake.

Lesi ilipokuwa inakaribia kwisha, Bwana Yuniti akasafisha koo.

"Ilipigiwa nani?"

Fundi hakuinua macho. Alizungusha mara nyingine, na nyingine, akaiona lesi inalegea upande wa mumewe.

"Kaza huko," alisema. "Unaniharibia."